Je, Wajua? Wazo la Mdogo Laweza Kuokoa Kampuni

Mashirika mengi husaka mawazo mapya kwa washauri wa kulipwa, kumbe mawazo hayo yapo mezani kwa karani, mikononi mwa fundi na kinywani mwa mteja. Swali ni hili: mtu wa chini akifungua kinywa, humpata nini? Mifano ifuatayo inatoka katika nchi na karne tofauti, lakini yote inalijibu swali hilo.

Sanduku la maoni la mtawala

Je, wajua kwamba mwaka 1721 mtawala wa Japani aliwawekea raia wake sanduku la maoni? Tokugawa Yoshimune aliagiza sanduku hilo liwekwe mjini Edo, ambao leo ni Tokyo, na ufunguo akakaa nao mwenyewe. Mwandishi alitakiwa ataje jina lake na anakoishi. Daktari mmoja aliandika kuomba maskini wapatiwe mahali pa kutibiwa. Mwaka uliofuata hospitali ya Koishikawa ikafunguliwa, ikahudumu kwa zaidi ya miaka 140. Masanduku ya maoni tunayo tele katika ofisi zetu, mengine hata kufuli zimeshika kutu. La Yoshimune liliyazidi yote kwa jambo moja: watu waliona majibu.

Kamba ya kusimamisha kiwanda

Je, wajua kwamba Toyota ilichipuka kutoka kwenye mashine za kufuma nguo? Mwaka 1924 Sakichi Toyoda na wenzake walikamilisha mashine iliyosimama yenyewe uzi ukikatika, isije ikaendelea kutoa kitambaa kibovu. Mwaka 1929 haki za kuitengeneza ziliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza kwa pauni 100,000. Falsafa hiyo ikahamia kwenye magari. Kandokando ya mstari wa kuunganishia magari ikatandazwa kamba ambayo mfanyakazi yeyote, hata aliyeajiriwa jana, anaruhusiwa kuivuta akiona kasoro. Kiongozi wake huja kumsaidia, na tatizo lisipotatuliwa kwa wakati, mstari husimama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kule anayeuona ufa wa kwanza ndiye mwenye ruhusa ya kuuziba.

Mvumbuzi aliyeshindwa na uvumbuzi wake

Je, wajua kwamba kamera ya kwanza ya dijitali ya kubebeka iliundwa ndani ya Kodak, kampuni iliyokuja kuangushwa na teknolojia hiyohiyo? Mwaka 1975 mhandisi kijana, Steven Sasson, aliunda kifaa chenye uzito wa kilo 3.6 kilichochukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Lakini wakubwa waliishi kwa kuuza filamu, na picha isiyohitaji filamu haikuwafurahisha. Kampuni ilikuja kuingia katika dijitali baadaye, ila kwa kusitasita. Januari 2012 ikaenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi.

Mshindani wake wa Japani, Fujifilm, alijiuliza swali jingine: tunajua nini zaidi ya filamu? Filamu hutengenezwa kwa jelatini, ambayo hutokana na kolajeni, na kolajeni imejaa katika ngozi ya binadamu. Mwaka 2007 kampuni hiyo ikaingiza sokoni vipodozi vya Astalift.

Gundi isiyoshika

Je, wajua kwamba vile vikaratasi vya njano vya kubandika ofisini vilitokana na gundi dhaifu? Mwaka 1968 Spencer Silver wa kampuni ya 3M, Marekani, alitafuta gundi kali akapata isiyoshika sana. Ilikaa miaka bila kazi. Mwaka 1974 mwenzake, Art Fry, aliyechoshwa na vialamisho kudondoka kutoka katika kitabu chake cha nyimbo za kwaya, akaikumbuka. 3M ilikuwa na desturi ya kuwaachia watafiti asilimia 15 ya muda wa kazi kwa miradi ya kujichagulia, na Fry akautumia muda huo. Mwaka 1980 Post-it zikaenea madukani kote Marekani.

Kosa lililosemwa kwa nusu

Je, wajua kwamba rubani wa Marekani anaweza kuepuka adhabu kwa kuripoti kosa lake mwenyewe? Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya TWA, safari namba 514, iligonga mlima jimboni Virginia ikikaribia uwanja wa Dulles. Watu wote 92 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba wiki sita kabla, marubani wa United walinusurika kugonga mlima huohuo kwa sababu ya kuelewa vibaya maelekezo ya kutua. United iliwaonya marubani wake. Wa mashirika mengine hawakuambiwa.

Mwaka 1976 ukaanzishwa mfumo wa kupokea ripoti za siri, nao ukakabidhiwa NASA, taasisi isiyo na mamlaka ya kumwadhibu rubani. Anayeripoti ndani ya siku 10 kosa asilolikusudia, ambalo si ajali wala jinai, kwa kawaida hatozwi faini wala hasimamishiwi leseni. Ripoti zilizopokelewa zimepita milioni moja. Palipozoeleka kufunika kombe ili mwanaharamu apite, mfumo huo usingedumu mwezi.

Wauguzi waliokiri

Je, wajua kwamba timu nzuri inaweza kuonekana ina makosa mengi kuliko mbovu? Katika miaka ya 1990 Amy Edmondson, mtafiti wa Harvard, alichunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini. Alitarajia vikundi vilivyoshirikiana vizuri viwe na makosa machache. Takwimu zikampa kinyume. Alipochimba aligundua kwamba wauguzi wa vikundi hivyo hawakukosea zaidi, ila walithubutu kusema. Kwingine makosa yalizikwa kwa kumwogopa msimamizi. Mficha uchi hazai, na wodi inayoficha makosa haina namna ya kuyarekebisha.

Wateja walioigeuza huduma

Je, wajua kwamba M-Pesa haikubuniwa kwa ajili ya kutumiana pesa? Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, wakisaidiwa na ruzuku ya serikali ya Uingereza, walitaka wakopaji wadogo nchini Kenya warejeshe mikopo kwa simu. Majaribio yalianza mwaka 2005 pamoja na taasisi ya Faulu Kenya. Wateja wakaigeuza. Wengine waliwatumia jamaa zao pesa, wengine waliweka fedha kabla ya safari na kuzitoa wafikapo, wasije wakaporwa njiani. Waliosimamia majaribio hawakuwakataza, bali waliandika walichokiona. Safaricom ilipoizindua huduma Machi 2007, mikopo iliwekwa kando na tangazo likawa moja: tuma pesa nyumbani.

Watu walewale, kiwanda kingine

Je, wajua kwamba kiwanda kilichoshindikana kiligeuka mfano wa kuigwa huku wafanyakazi wengi wakiwa walewale? Kiwanda cha General Motors cha Fremont, California, kilichofungwa mwaka 1982, kilijulikana kwa migomo, ulevi kazini na utoro uliofikia asilimia 20. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI. Jengo ni lilelile, chama cha wafanyakazi kilekile, na wengi wa walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani.

Kilichobadilika ni utaratibu. Zamani kusimamisha mstari lilikuwa kosa kubwa. Sasa ikawa haki ya kila mtu. Mamia walipelekwa Japani kujifunza kazi. Uzalishaji uliposhuka mwishoni mwa miaka ya 1980, wafanyakazi hawakuachishwa, bali walipewa mafunzo na kuombwa wapendekeze maboresho. Utoro ukashuka hadi takribani asilimia 2.

Hata hivyo, General Motors ilichukua miaka mingi kuyaeneza mafunzo hayo katika viwanda vyake vingine. Kufunga kamba ni kazi ya siku moja, lakini kumzoeza meneja asimkaripie aliyeivuta ni kazi ya miaka. Meneja anayelalamika kwamba watu wake hawana ubunifu, kabla hajatangaza nafasi za kazi, na achunguze kwanza yaliyompata mfanyakazi wa mwisho aliyemletea habari mbaya.