Mtoto Naye Apewe Beseni Lake

Jumamosi asubuhi, nguo zikishalowekwa, kazi ya pili katika nyumba nyingi ni kumfukuza mtoto kwenye maji. "Toka huko, utalowa!" Anaondoka, anazunguka nyuma ya kamba ya kuanikia, anarudi. Ushauri wangu ni mfupi: mpe beseni lake, umweke hapo hapo pembeni yako, mkono wako ukiweza kumfikia.

Lita tano zinatosha. Najua kuna mitaa ambako kila dumu la maji linanunuliwa, ndiyo maana nasema lita tano, na zikishachezewa zidekie kibaraza au zimwagwe chooni. Yawe maji safi, maana atayaonja tu hata ukimkataza. Tandika gunia chini asiteleze. Kule Njombe au Lushoto, mwezi wa saba, changanya na ya moto kidogo mpaka yawe vuguvugu.

Vyombo vimo jikoni: kata, kopo la maziwa, chujio la chai, kikombe cha plastiki. Chupa ya maji ukiikata, sehemu ya juu ikigeuzwa inakuwa faneli. Zungushia selotepu ukingoni isimkate. Toa viwili vitatu kwa siku. Ukimmwagia vyote kwa pamoja atavirusha tu, hatavichunguza. Na chochote kinachoweza kuingia chote mdomoni, kama vizibo vya soda na gololi, kikae mbali na mtoto wa chini ya miaka mitatu.

Usisahau dodoki. Mtoto anapolichovya na kulikamua juu ya kikombe, anatumia misuli ile ile ya kiganja na vidole atakayoihitaji kushika penseli na kufunga vifungo vya shati. Daktari Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza mjini Roma mwaka 1907, aliuona uzito wa kazi hizi za mikono, na shule zinazofuata njia yake hadi leo humpa mtoto jagi dogo amimine mwenyewe.

Mtoto mkubwa kidogo mletee chungwa. Liweke majini na ganda lake: linaelea. Kisha limenye lote mpaka nyama yake ibaki wazi, si ule umenyaji wa mchuuzi wa barabarani anayeacha utando mweupe. Lirudishe majini, linazama, ingawa limepungua uzito. Ganda lina vijitundu vilivyojaa hewa, ndivyo vilivyokuwa vikilibeba. Usiharakishe kumweleza. Mwache alitoe, alirudishe, ajaribu na kipande cha ganda peke yake, kisha kokoto, kisha kumbi la nazi.

Au mimina maji ya bakuli pana kwenye chupa nyembamba mbele ya macho yake, umuulize kama yameongezeka. Wa miaka minne atasema mengi yako kwenye chupa, kwa kuwa yamepanda juu. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliwapima watoto hivi hivi, akaona wengi hawajui kuwa maji ni yale yale mpaka wakaribie miaka saba. Kwa hiyo usimkosoe. Mpe chupa amimine tena.

Kwenye usalama sitalegeza neno. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofikisha miaka mitano. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kuliko mwili wake unavyoweza kukimudu. Akiinama kwenye ndoo ya lita 20 anatumbukia kichwa mbele, hawezi kujinasua, na hapigi kelele. Hata maji ya kina cha sentimeta tano yanaua. Simu ikiita ndani, mnyanyue uende naye. Usimwachie kaka yake wa miaka sita, naye ni mtoto. Ndoo na mapipa ya akiba yafunikwe, na mchezo ukiisha beseni limwagwe saa hiyo hiyo, lisije likawa zalio la mbu.

Wapo watoto wasiopenda kulowa. Akigusa maji anafuta mikono na kulia. Huyo usimtumbukize kwa nguvu ukidhani atazoea. Mpe kijiko ahamishe maji kutoka kikombe hadi kikombe akiwa mkavu, hata kwa wiki kadhaa, mpaka mwenyewe atie kidole.