Utani msibani: nani anaruhusiwa, na mwisho wake wapi?

Leo naweka siasa pembeni. Nataka kuongelea utani, maana hapa Gwata nusura msiba mmoja uzae mwingine.

Tulikuwa tunamzika mzee wetu, Mzaramo. Kufika makaburini, jamaa wa Kinyamwezi akarukia ndani ya kaburi, akalala chali, akagoma kutoka mpaka alipwe deni lake. Deni lenyewe la uongo! Wafiwa wakamfokea, wakamtukana, wakachanga vijisenti, akatoka. Kurudi nyumbani tukamkuta mtani mwingine, mtu mzima, kavaa kanzu na kofia ya marehemu, anachechemea na kukohoa kama yeye, anawagombeza wanawe kwa kumaliza pilau. Watu walicheka huku machozi yanawatoka.

Sasa kijana mmoja aliyetoka Dar na rafiki zake akaona kumbe ruksa. Akasogea kwenye mkeka wa mjane, akaanza kumtania kuhusu ugonjwa uliomuua mumewe. Paap, kimya. Shemeji mtu akainuka, ngumi kaikunja.

Jamani, kosa lake nini? Kwanza hakuwa mtani. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi una historia: karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wanashuka na misafara toka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, wakipita kwa Wazaramo. Mgeni wa njiani akiugua au akifa, anahitaji mtu. Ndiyo maana mtani anayekutukana ndiye huyo huyo anayekuchimbia kaburi. R. E. Moreau aliandika habari za utani wa Tanganyika toka miaka ya 1940, na hilo la kusaidiana msibani limo. Yule kijana hakushika hata jembe, kaja na mdomo tu.

Pili, angalia watani walichochezea: deni la uongo, pilau, mwendo wa mzee. Hakuna aliyegusa kidonda. Na mtani akikuchokoza na wewe unamrudishia, mnakuwa ngoma droo. Mjane yule angerudisha nini?

Wenzetu wa Norway wana michezo ya watu kuvaa uhusika na kugombana humo humo, haina watazamaji. Wao wamejiwekea maneno: ukisema "brems" mwenzako anapunguza makali, ukisema "kutt" kila kitu kinasimama. Nilipoyasoma nikajiuliza, sisi neno letu lipi?

Kumbe lilikuwa kichwani kwa yule mzee. Alipoona ngumi, akavua kofia ya marehemu, akaikunja mkononi. Sauti ikawa yake mwenyewe, kikohozi hakuna. Akamwambia shemeji, "Kaa, baba, huyu si mtani, hajui." Akamshika kijana mkono, akampeleka kwa mjane akaombe radhi. Kijana akapiga goti, anatetemeka. Mama hakusema kitu kwa muda, halafu akatikisa kichwa kukubali. Mimi nadhani alistahili zaidi ya pale, lakini msiba si wangu.

Ndipo mzee akaivaa tena kofia, akaanza kukohoa. "We mtoto umeingia kwangu bila hodi, faini elfu mbili!" Kijana akalipa fasta. Hela ikanunua sukari ya chai ya matanga, na yeye akapewa ndoo mbili akateke maji.