Kwa nini mahindi chotara hayarudi yale yale ukiyapanda tena

Mvua za kwanza zikikaribia, wakulima wa Mbozi na Momba huuliza lile lile: kwa nini ninunue mbegu tena wakati ndani nina magunia ya UH6303 niliyovuna mwenyewe? Bei ya mfuko si mchezo, kwa hiyo swali ni halali. Jibu liko ndani ya ua la mhindi, mahali ambapo macho hayafiki.

Kila seli ya mhindi ina nyuzi 20 za urithi, ziitwazo kromosomu, nazo zimekaa jozi 10. Katika kila jozi, uzi mmoja ni wa baba na mwingine wa mama. Nguvu ya chotara hutokana na kukutanisha nyuzi za wazazi wanaotofautiana.

Mmea unapotengeneza chavua, nyuzi lazima zipungue zibaki 10. Kabla ya kugawana, kila uzi hutafuta mwenzake. Humpataje? Ajabu ni kwamba seli hujikata yenyewe. Protini iitwayo SPO11 huzikata nyuzi mahali pengi, hufika mamia. Palipokatika pasipoungwa, chavua hutoka tasa. Ndipo huja mafundi wengine, RAD51 na DMC1: hushika ncha iliyokatika na kuipeleka kwenye uzi mwenza, kutafuta sehemu inayofanana nayo. Ni kama kushona kanga iliyochanika ukiangalizia kipande cha pili cha doti hiyo hiyo, ili maua yakutane. Katika kutafutana huko nyuzi hupata jozi zake.

Sehemu nyingi huungwa bila mabadiliko makubwa. Lakini mahali kama 20 hivi katika seli nzima, nyuzi hubadilishana vipande. Mwaka 1931, Harriet Creighton na Barbara McClintock wa Marekani walilionyesha hilo kwa hadubini, wakitumia mahindi haya haya.

Kwa hiyo kila punje ya chavua hubeba mchanganyiko wake. Ukipanda ulichovuna, huyu mrefu, yule mfupi, mwingine gunzi nusu, na mavuno hushuka. Mbolea haina kosa hapo, wala jirani hajakuroga.

Anayetaka kutunza mbegu yake atafute aina zisizo chotara, kama Staha, Kilima au TMV-1. Achague magunzi kutoka mimea mingi ya katikati ya shamba, si matatu manono tu, na awe mbali na chotara ya jirani, maana chavua husafiri na upepo.

Ndizi za Ileje zina kisa kingine. Migomba mingi tunayolima ina seti tatu za nyuzi 11, jumla 33. Watatu hawagawanyiki wawili wawili, jozi huvurugika, na mbegu hazikomai. Tunafurahia kula bila kutafuna vijiwe, ila tunapanda machipukizi, na machipukizi ni mgomba ule ule uliorudiwa. Ugonjwa ukiushinda mmoja, wa aina hiyo wote wamo hatarini.

Kahawa chotara za TaCRI, ambao wana kituo Mbimba, Mbozi, huzalishwa kwa vikonyo na kwa kubebesha, ili kukwepa mchanganyiko huo huo. Ukiuziwa miche iliyooteshwa kwa punje zilizookotwa chini ya chotara hizo, usitegemee iwe kama mama yake.