Vyumba vya Kifahari Vinavyopita Tunduma: Ifahamu Treni ya Watalii Itumiayo Reli ya TAZARA

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

Wakazi wa Dar es Salaam na Zanzibar wamezoea kupata taarifa za meli kubwa za kitalii zinazotia nanga katika bandari zao. Mwanzoni mwa mwaka 2024, kwa mfano, meli ya Norwegian Dawn iliwasili nchini ikiwa na watalii zaidi ya 2,000, ambao hulala, hula na kustarehe ndani ya chombo hicho hicho na kushuka kwa saa chache tu kutembelea mji. Mkoa wa Songwe hauna bahari, na katika sehemu yake ya Ziwa Rukwa hakuna meli ya namna hiyo. Hata hivyo, vyumba vya kifahari vya safari hupita katikati ya mkoa huu mara chache kila mwaka, juu ya reli, na wananchi wengi huviona kwa mbali bila kufahamu wanaosafiri humo ni akina nani, wanafuata taratibu gani na mkoa unaweza kunufaika vipi na ujio wao.

Treni inayozungumziwa ni ya kampuni ya Rovos Rail ya Afrika Kusini, iliyoanzishwa mwaka 1989 na Rohan Vos na yenye makao yake Pretoria. Mwaka 1993 treni hiyo ilifika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, na tangu wakati huo safari ya Cape Town hadi Dar es Salaam, inayochukua takribani siku 15 na kupita Afrika Kusini, Botswana, Zimbabwe, Zambia na Tanzania, imekuwa miongoni mwa safari zake zinazojulikana zaidi duniani. Mwaka 2019 kampuni hiyo iliongeza safari ya Dar es Salaam hadi Lobito, Angola, kutoka Bahari ya Hindi hadi Bahari ya Atlantiki. Safari zote mbili huvuka mpaka wa Tanzania na Zambia katika Tunduma na Nakonde.

Swali la kwanza ambalo mwananchi anaweza kujiuliza ni kwa nini treni hiyo ipite hapa na si Kigoma, Mwanza au Arusha, ambako watalii ni wengi zaidi. Jibu lipo katika upana wa njia ya reli. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, na iliwekewa upana wa milimita 1,067 ili ioane na reli za Zambia na nchi nyingine za kusini mwa Afrika. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000, na reli mpya ya kisasa ina milimita 1,435. Behewa lililotoka Cape Town linaweza kufika Dar es Salaam bila kubadilishwa magurudumu, lakini haliwezi kuingia katika reli hizo nyingine mbili. Uamuzi wa wahandisi wa wakati ule, uliolenga kusafirisha shaba ya Zambia bila kupitia nchi zilizokuwa bado chini ya utawala wa walowezi na wakoloni, ndio unaoifanya Tunduma leo kuwa mlango pekee wa reli ambao mgeni wa treni hii anautumia kuingia Tanzania akitokea kusini.

Ndani ya treni, hali haitofautiani sana na ya meli ya kitalii, isipokuwa kwa idadi ya watu. Treni nzima hubeba abiria wasiozidi 72. Vyumba vyake ni vya madaraja matatu. Kidogo kabisa kina eneo la mita za mraba 7 hivi, na kiti chake kirefu cha mchana hugeuzwa kitanda usiku. Cha kati hufikia mita za mraba 10. Na kikubwa, chenye mita za mraba 16, huchukua nusu ya behewa zima na kina beseni la kuogea pamoja na bomba la manyunyu. Kila chumba kina choo, bafu na maji ya moto. Yapo mabehewa ya kulia chakula, behewa la mapumziko, na nyuma kabisa behewa la kutazamia mandhari lenye baraza ya wazi. Hakuna televisheni wala redio. Simu za mkononi hutumika vyumbani tu, na wakati wa chakula cha jioni wanaume hutakiwa kuvaa koti na tai. Gharama ya safari nzima ni makumi ya mamilioni ya shilingi kwa mtu mmoja, na hujumuisha chakula, vinywaji na matembezi yaliyopangwa.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho chenye uzito kwa wananchi wa Songwe. Abiria aliyekwisha kulipia kila kitu kabla ya kuondoka kwao hana sababu ya kutafuta mgahawa Tunduma au nyumba ya kulala wageni Vwawa. Hushuka pale tu ratiba inapomshusha. Kwa upande wa Zambia, ratiba iliyozoeleka humpa matembezi katika maporomoko ya Chishimba karibu na Kasama. Kwa upande wa Tanzania humpeleka kuona wanyama katika eneo la Selous, ambalo sehemu yake kubwa sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kati ya vituo hivyo viwili upo Mkoa mzima wa Songwe, ambako treni husimama kwa ajili ya taratibu za mpakani kisha huendelea kuelekea Mbeya. Kwa maneno mengine, mgeni mwenye uwezo mkubwa wa kifedha hukaa katika ardhi ya mkoa kwa saa kadhaa akiutazama kupitia dirishani.

Si kwamba mkoa hauna cha kumwonesha. Kimondo cha Mbozi, kilichopo katika Wilaya ya Mbozi na kusimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro, ni miongoni mwa vimondo vikubwa vinavyojulikana duniani. Kina urefu wa takribani mita 3, uzito unaokadiriwa kuzidi tani 10, na sehemu yake kubwa ni chuma, takribani asilimia 90. Wanasayansi walikifahamu mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa wakikijua tangu zamani. Reli ya TAZARA hupita katika wilaya hiyo hiyo. Mbozi pia ni wilaya ya kahawa, na watalii wa kundi hili, ambao wengi hutoka Ulaya na Marekani, hunywa kahawa kila asubuhi wakiwa ndani ya treni. Kuionja shambani inakolimwa si jambo dogo kwao.

Ili kivutio kiingie katika ratiba ya namna hiyo, kazi huanza muda mrefu kabla ya treni kuondoka Cape Town, kwa sababu safari hutangazwa na kuuzwa mapema sana. Kampuni ya treni huhitaji mwenyeji anayeweza kuwapokea watu 72 kwa wakati mmoja, akiwa na magari, waongoza watalii wanaozungumza lugha za wageni, vyoo safi na muda unaoaminika, kwa kuwa treni ikichelewa hupoteza nafasi yake katika njia inayotumiwa pia na treni za mizigo. Anayetaka kufanya kazi hiyo anapaswa kuwa na leseni ya biashara ya utalii inayotolewa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na waongoza watalii nao hutakiwa kuwa na leseni zao. Vikundi vya vijana na wanawake wenye bidhaa za mikono au kahawa iliyokaangwa wana njia iliyo rahisi zaidi: kuingia makubaliano na wakala mwenye leseni. Abiria sabini na wawili si wengi. Mji mdogo unaweza kuwahudumia vizuri kuliko ambavyo ungeweza kuwahudumia abiria 2,000 wa meli moja.

Wapo wanaodhani kuwa njia fupi ni kuwafuata wageni hao relini wakati treni imesimama. Hilo halishauriwi. Eneo la reli ni la hatari na lina sheria zake, na wakati wa taratibu za mpakani eneo hilo huwa chini ya usimamizi wa vyombo vya ulinzi na usalama. Wazazi wanakumbushwa kuwazuia watoto kukimbilia madirisha kuomba peremende au fedha.

Kuhusu taratibu zenyewe, abiria wa chumba cha kifahari hana msamaha wowote. Kwa desturi msimamizi wa treni hukusanya pasipoti na kuziwasilisha kwa maofisa, hivyo mgeni anaweza asisimame katika foleni, lakini kila pasipoti hukaguliwa. Raia wa mataifa mengi hulipia viza ya kawaida ya Dola za Marekani 50, na raia wa Marekani hulipia Dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi; maombi hufanyika kwa njia ya mtandao kabla ya safari. Wanaotoka katika nchi zenye hatari ya homa ya manjano huoneshwa dirisha la maofisa wa afya wakiwa na kadi ya chanjo. Chanjo hiyo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 kadi yake hutambuliwa kwa maisha yote. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Kifuko kidogo cha kufungia vifaa vya usafi wa mwili huruhusiwa, mradi msafiri aondoke nacho.

Suala la fedha linahitaji maelezo ya pekee kwa mji kama Tunduma, ambako kwacha na shilingi zimekuwa zikipita mkono kwa mkono kwa miaka mingi. Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zimepiga marufuku kutangaza bei au kupokea malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma zinazotolewa ndani ya nchi. Mfanyabiashara anayepokea dola kutoka kwa mtalii kwa ajili ya kikapu au pakiti ya kahawa anatenda kosa sawa na yule anayetangaza kodi ya nyumba kwa dola. Mgeni abadilishe fedha benki au katika duka la kubadilishia fedha lenye leseni, au alipe kwa kadi pale inapowezekana. Vijana wanaobadilisha fedha barabarani bila leseni hawalindwi na sheria, na wala mteja wao halindwi pale anapopewa noti bandia.

Je, Mtanzania anaweza kusafiri katika treni hiyo? Ndiyo, akiwa na uwezo wa kulipa na pasipoti halali. Hati ya dharura ya safari, ambayo baadhi ya wafanyabiashara huitumia kuvuka mpaka, haifai kwa safari ya nchi tano. Kwa kuwa masharti ya chanjo hutofautiana baina ya nchi hizo, ni vema kubeba kadi ya homa ya manjano hata kama haikuulizwa mahali safari ilipoanzia.

Kwa wengi wetu, hata hivyo, chumba cha kulala kilicho ndani ya uwezo ni kile cha treni ya kawaida ya abiria ya TAZARA. Daraja la kwanza lina vitanda vinne katika chumba kimoja, viwili juu na viwili chini. Daraja la pili lina vitanda sita. Wanaume na wanawake hupangiwa vyumba tofauti, isipokuwa familia au kundi linapolipia chumba kizima. Mandhari ni yale yale anayoyaona mtalii wa mita za mraba 16: mwinuko wa Uyole, ambako reli hufikia kimo chake cha juu kabisa cha karibu mita 1,790 kutoka usawa wa bahari, kisha madaraja na mahandaki ya kati ya Makambako na Mlimba. Ni vema kufunga dirisha vizuri nyakati za usiku na kuweka mizigo mbali nalo.

Septemba 4, 2024 jijini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua reli hiyo mbele ya wakuu wa nchi hizo tatu, na baadaye ikafuata hatua ya kuikabidhi kampuni ya CCECC ya China kazi ya ukarabati na uendeshaji kwa uwekezaji wa Dola za Marekani bilioni 1.4. Njia inapokarabatiwa, ratiba za treni za abiria na zile za watalii huweza kubadilika au kusitishwa kwa muda. Mwananchi anayepanga safari, au kikundi kinachotaka kujua siku ambayo treni ya watalii itapita, athibitishe kwanza katika stesheni ya TAZARA iliyo karibu naye. Wanaohitaji leseni za utalii waanzie kwa Ofisa Utalii wa halmashauri yao.