Baiskeli, Samaki na Ziwa Edward: Biashara ya Mapumziko ambayo Butembo na Beni Bado Hazijaianzisha

Biashara ya mapumziko ya asili, yaani huduma zinazouzwa kwa mkazi wa mji anayetaka kuepuka kelele kwa siku moja au mbili ili akae karibu na maji, miti na ndege, huzaliwa pale yanapokutana mambo matatu: mji wenye watu walio na fedha za ziada, eneo la asili lisilo mbali, na njia ya kufika huko kwa gharama ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, Butembo na Beni zina mambo hayo yote, na baiskeli ndiyo ingekuwa chombo cha bei nafuu zaidi cha kuyaunganisha. Hata hivyo hakuna sekta inayostahili kuitwa kwa jina hilo, na sababu zake hazipatikani katika uhaba wa mandhari wala wa wateja.

Butembo ni mji uliojengwa na wafanyabiashara wake kuliko na serikali. Uliota kando ya shughuli za uchimbaji madini enzi za Wabelgiji, ukakua kwa kahawa, mboga, dhahabu na baadaye kwa makontena yanayotoka Dubai na Guangzhou kupitia bandari ya Mombasa na mpaka wa Kasindi, na kwa miongo mingi wenye maduka wake ndio waliochangishana fedha za kutengeneza barabara ambazo dola iliziacha zife. Beni, iliyo umbali wa kilomita 54 upande wa kaskazini na chini zaidi kimwinuko, inaishi kwa kakao, mbao na biashara ya mpakani, na tangu Goma, mji mkuu wa jimbo, ilipotwaliwa na waasi wa M23 mwezi wa Januari 2025 imekuwa makao ya muda ya uongozi wa jimbo, jambo lililoiletea maofisa na wafanyakazi wa mashirika wenye mishahara ya kila mwezi. Wachumi huita hali hii mahitaji yenye uwezo, maana yake si hamu tupu ya kitu bali hamu inayoambatana na fedha za kukilipia. Kwa sasa fedha hizo huishia katika bustani za hoteli, kumbi za harusi na meza za vinywaji, ambako mtu hulipia kivuli cha makuti na muziki wa sauti ya juu na kurudi nyumbani akiwa amechoka kuliko alivyotoka.

Eneo la asili linalozungumziwa ni ncha ya kaskazini ya Ziwa Edward, ambalo uso wake uko takribani mita 912 juu ya usawa wa bahari na ambalo sehemu yake kubwa, kiasi cha asilimia 70, iko upande wa Kongo, sehemu iliyobaki ikiwa ya Uganda. Hapo ndipo mto Semliki unapotoka ziwani, mahali paitwapo Ishango, na karibu yake ndipo ulipo mji mdogo wa wavuvi wa Kyavinyonge. Butembo iko kwenye milima yenye mwinuko wa kama mita 1,800, kwa hiyo anayetoka huko kupitia vilima vya baridi vya Kyondo hupanda kwanza, kisha huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi kwenye joto la ziwani. Kwa mwendesha baiskeli, mteremko huo ni zawadi wakati wa kwenda na ni adhabu wakati wa kurudi, hasa kwa baiskeli nzito ya chuma isiyo na gia, ambayo ndiyo inayouzwa kwa wingi katika maduka ya miji hiyo miwili.

Ufumbuzi wa tatizo la kurudi tayari upo barabarani, nao ni samaki. Kyavinyonge, pamoja na Vitshumbi na Nyakakoma, ni mojawapo ya vituo vitatu vya uvuvi vinavyotambuliwa kisheria katika upande wa Kongo wa ziwa, na tilapia, kambare na kamongo wanaovuliwa huko hupandishwa milimani kila siku kwa malori, pikipiki na baiskeli, wakiwa wabichi, wakiwa wamekaushwa kwa moshi au wakiwa wametiwa chumvi. Mnyororo wa thamani, yaani mfululizo wa mikono inayopitisha bidhaa tangu anayeivua hadi anayeila, huhusisha mwenye mtumbwi, mama anayenunua ufukweni, mkaushaji, mwenye gari na muuzaji wa sokoni, na kila mmoja wao anayo miundombinu ambayo mtalii angeihitaji: mahali pa kulala, chakula, gari linalopanda, na fundi anayeweza kuziba tairi saa yoyote. Msafiri aliyeteremka kwa baiskeli angeweza kurudi juu ya lori, baiskeli yake ikiwa imefungwa juu ya makapu ya samaki, na mwenye lori angepata nauli ya ziada bila kuongeza lita moja ya mafuta. Ndiyo maana anayefikiri kwamba sekta hii itaanza kwa kujenga hoteli za kifahari anakosea hesabu. Itaanza, kama itaanza, kwa kukodisha nafasi zilizo wazi katika biashara iliyokwisha kuwepo.

Njiani yapo pia mambo ambayo mahali pengine yamegeuzwa kuwa fedha. Mstari wa Ikweta unapita kati ya Butembo na ziwa, na kule Kayabwe, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, mstari huohuo umezaa maduka ya sanaa, migahawa na wapiga picha. Ishango yenyewe inajulikana na wanahisabati duniani kote kwa sababu ya mfupa wenye alama za kuchanja, unaokadiriwa kuwa na miaka 20,000, ambao Mbelgiji Jean de Heinzelin aliufukua mwaka 1950 na ambao sasa umehifadhiwa Brussels. Mtoto wa shule wa Butembo aweza kumaliza masomo bila kuambiwa kwamba ulitoka karibu na kwao. Vilevile kuna kahawa ya milimani, inayokusanywa na vyama vya ushirika kama Kawa Kabuya na Kawa Kanzururu, ambayo mkulima huiuza nje bila mtu wa mjini kupata nafasi ya kuinywa shambani.

Kwamba baiskeli na ziwa vinaweza kulisha watu si nadharia. Nchini Kenya, Hifadhi ya Hell's Gate, iliyotangazwa mwaka 1984 karibu na Ziwa Naivasha, inaruhusu wageni kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga, na vijana wa pale hupata riziki kwa kuzikodisha getini, hasa kwa Wanairobi wanaokuja mwisho wa juma. Rwanda ilifungua njia ya kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi, na mwezi wa Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Ng'ambo ya Ziwa Edward lenyewe, Uganda inauza safari za boti katika mfereji wa Kazinga ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Maji ni yaleyale na viboko ni walewale. Kinachotofautiana ni bei ya hatari.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lote. Ufukwe wa Kongo umo ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 1994. Viboko waliofikia karibu 29,000 katikati ya miaka ya 1970 walibaki chini ya 1,000 mwaka 2005, baada ya kuwindwa na watu wenye silaha, na kwa kuwa kinyesi chao ndicho kilichorutubisha maji, wavuvi nao walipata hasara. Mwaka 2018 hifadhi ilisimamisha utalii baada ya mlinzi mmoja kuuawa na watalii wawili Waingereza kutekwa nyara, ikaufungua tena mwaka 2019, kisha ikaufunga kwa sababu ya korona mwaka uliofuata. Tangu mwaka 2014 mauaji yanayohusishwa na kundi la waasi la ADF yamewakumba raia wa eneo la Beni bila kukoma, na hali ya kijeshi iliyotangazwa mwaka 2021 haikuyazima. Mtaji unaoweza kupotea kwa usiku mmoja hudai faida kubwa mno, na faida hiyo haiwezi kutoka mfukoni mwa mwanafunzi anayekodi baiskeli.

Hatari ya bunduki huandamana na gharama ya vizuizi. Taasisi ya utafiti ya IPIS ilihesabu mwaka 2017 vizuizi vya barabarani 798 katika majimbo mawili ya Kivu, ambapo askari, maofisa au waasi hutoza kila kinachopita, hata mzigo wa baiskeli. Kwa lori la samaki tozo hizo hugawanywa juu ya mamia ya kilo. Kwa msafiri mmoja zinaweza kuzidi bei ya safari yenyewe. Ukarabati wa barabara ya Kasindi, Beni na Butembo, uliozinduliwa mwaka 2021 kwa ushirikiano na Uganda, utapunguza vumbi na muda, lakini lami haiondoi kizuizi. Wakati mwingine hukiongezea mapato.

Kwa hali hiyo, kumuuzia mtu leo safari ya baiskeli hadi ufukweni ni kumuuzia hatari asiyoweza kuipima, na kampuni yoyote inayotangaza hivyo haistahili fedha ya mteja. Kinachoweza kuuzwa sasa ni kipande kifupi: matembezi ya mchana kati ya Butembo na vilima vilivyo jirani, katika siku ambazo wenyeji wa njia hiyo wanathibitisha kuwa ni salama, pamoja na kahawa ya shambani, fundi wa baiskeli aliyelipwa na mwongozaji anayejulikana kijijini. Wenye maduka wa Butembo, waliowahi kulipia barabara, wanao uwezo wa kugharimia baiskeli ishirini zenye gia na breki nzuri. Bei ipangwe kwa faranga, si kwa dola, kwa sababu mnunuzi wa kwanza atakuwa jirani yao, na Kyavinyonge iingizwe katika orodha ya safari siku ambayo mama wa samaki ataweza kupanda mlima bila kulipa njiani.