Maneno ya petroli na gesi: tuyaelewe kabla hatujagombana

  Mazungumzo haya yalisemwa redioni. Tumeyaandika ili wasomewe wale wasiokuwa na redio, au wale ambao siku ile betri zao zilikuwa zimekwisha.

Leo sitasema juu ya bunduki. Nitasema juu ya maneno. Pengine utauliza: je, maneno yanaleta vita? Ndiyo, yanaleta. Katika kambi moja kule Ituri nilimkuta baba mmoja mwenye hasira kali. Alikuwa amesikia ya kwamba kijiji chake kimewekwa ndani ya bloki. Yeye alielewa ya kwamba kijiji kimeuzwa, na ya kwamba majirani wa kabila lingine waliobaki kule ndio waliokula pesa. Vijana walikuwa wameanza kupanga kwenda usiku kulipiza. Tuliketi chini, nikachukua kijiti, nikachora bloki mchangani. Tulipomaliza, baba yule alisema: "Kumbe hakuna aliyeuza kitu." Basi twende neno kwa neno.

Neno la kwanza ni PETROLI. Sisi tukisema petroli tunafikiri juu ya mafuta ya taa. Lakini kinachotoka chini ya ardhi ni mafuta ghafi, yaani mafuta yasiyosafishwa. Hayafai kutiwa katika taa wala katika motokari. Kiwandani yanapashwa moto na kutengwa, ndipo tunapata esansi, mazutu, mafuta ya taa na lami. Mafuta ghafi yanapimwa kwa pipa, na pipa moja ni karibu lita 159. Sheria yetu inaita petroli na gesi kwa jina moja: hidrokaboni. Katika inchi yetu, mafuta ghafi yanatolewa Muanda, kule pwani ya bahari katika Kongo-Kati. Huku mashariki hakuna kisima kinachotoa petroli ya kuuza. Kwa hiyo mtu akikuambia ya kwamba petroli ya kwenu imekwisha kuuzwa, mwulize: imetoka katika kisima gani?

Neno la pili ni BLOKI. Bloki ni kipande kilichochorwa juu ya ramani. Inaweza kuwa kubwa sana, ikashika vijiji, mashamba, makanisa, misikiti na maji ya ziwa. Kuchora bloki si kuuza udongo. Tena si uhakika ya kwamba chini kuna petroli. Angalieni mfano huu. Mwezi wa saba 2022 Serikali ilianzisha mnada wa bloki 27 za petroli na bloki 3 za gesi. Kati ya zile 27, nne zilikuwa katika bonde la ziwa Albert na kumi na moja katika bonde la Tanganyika. Mwezi wa kumi 2024 Waziri akafuta mnada wa zile 27 za petroli. Fikiri sasa: kama mtu angemwua jirani yake mwaka 2022 kwa sababu ya mstari ule wa ramani, mwaka 2024 mnada ungefutwa, lakini marehemu asingerudi.

Neno la tatu ni UTAFITI. Ukitaka kujua kama pipa limejaa, unaligonga na kusikiliza. Wataalamu nao wanagonga ardhi, kwa mashine nzito au kwa baruti kidogo, wakisikiliza mwangwi unaorudi. Kazi hiyo inaitwa sismiki. Mwaka 2014 kampuni SOCO ya Uingereza ilifanya sismiki katika ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga, kisha ikaondoka bila kuchimba kisima. Sismiki inaonyesha umbo la mawe tu. Kisima ndicho kinachosema kama petroli iko, na visima vingi duniani vinatoka vitupu. Basi ukiona magari na watu wenye nyaya, usitangaze ya kwamba utajiri umefika au ya kwamba mmeibiwa. Kwanza uulize wako katika hatua gani: kutafiti, kuchimba, ao kutoa.

Neno la nne ni MKATABA. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 9, inaweka mamlaka juu ya udongo na vilivyo chini yake mikononi mwa Dola. Sheria namba 15/012 ya tarehe 1 Agosti 2015 inasema ya kwamba hidrokaboni ni mali ya Dola. Maana yake ni hii: wala mwami, wala chefu wa lokalite, wala mwenye shamba, wala jirani yako hawezi kuuza petroli. Anayekuomba pesa ili akuuzie sehemu ya bloki ni mwizi.

Dola inaweza kufanya na kampuni mkataba wa kugawana mazao. Mfano wake ni huu. Wewe una shamba, mwenzako analeta mbegu na majembe. Wakati wa mavuno, yeye anatoa kwanza sehemu ya kurudisha gharama zake. Hayo ndiyo mafuta ya gharama. Yanayobaki mnagawana, hayo ndiyo mafuta ya faida. Sasa umeona hatari iko wapi? Mwenye mbegu akiandika ya kwamba alinunua majembe mia, kumbe alinunua kumi, mtagawana kidogo sana. Kwa hiyo kiongozi mwenye akili haulizi tu, "Sehemu yetu ni ngapi?" Anauliza pia, "Gharama zinahesabiwa na nani?" Kuna maneno mengine mawili. Bonasi ya sahihi ni pesa ambayo kampuni inalipa Dola wakati wa kutia sahihi. Redevansi ni sehemu inayotozwa juu ya mafuta yanayotolewa.

Neno la tano ni FIDIA, na hapa nawaomba wahamiaji mnisikilize sana. Petroli si yako, lakini nyumba yako, mihogo yako, migomba yako na haki yako juu ya shamba havikupotea. Kifungu cha 34 cha Katiba kinalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Mtu hanyang'anywi mali isipokuwa kwa faida ya watu wote, na kwa fidia ya haki inayolipwa MBELE. Kulipwa mbele maana yake ni kulipwa kabla ya kuondolewa, si ahadi ya kesho. Sheria ya tarehe 22 Februari 1977 ndiyo inayoonyesha njia ya kufuata.

Je, aliyekimbia vita? Kukimbia si kuuza. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 juu ya waliohama ndani ya inchi zao zinasema ya kwamba mali waliyoiacha nyuma ilindwe isichukuliwe bure. Machefu, nawasihi: msitie sahihi chini ya karatasi inayosema "hakuna wenyewe" mkijua ya kwamba wenyewe wako kambini. Sahihi hiyo itawasha moto siku watakaporudi. Andikeni orodha ya wasiokuwepo, familia kwa familia. Na ninyi familia, andikeni shamba lenu leo hii: majirani wa pande nne, mto, miti mliyopanda, makaburi ya wazee. Wekeni majina ya mashahidi wawili, na mmoja akiwa wa kabila lingine itakuwa vizuri zaidi. Karatasi moja ikae kwenu, nyingine kwa mtu mnayemwamini.

Neno la sita ni GESI. Watu wa Goma na Bukavu, msichanganye gesi mbili. Mazuku mnaijua: ni gesi ya kaboniki, haiwaki, inakaa mabondeni na kuua mtoto au mbuzi bila harufu. Metani ni nyingine. Hiyo inawaka, na inaweza kutoa umeme. Ndani ya ziwa Kivu, chini sana, zote mbili zimo, zimeshikwa na uzito wa maji. Upande wa Rwanda, karibu na Kibuye, kituo kimoja kinatoa umeme wa megawati 26 kwa metani hiyo. Lakini tukumbuke ziwa Nyos la Kameruni: mwaka 1986 gesi ya kaboniki ilitoka kwa ghafula, ikaua watu karibu 1,700. Kwa hiyo ziwa Kivu linataka wataalamu wa inchi zote mbili wafanye kazi pamoja, kwani maji yale hayana ukuta katikati.

Ndivyo ilivyo hata ziwa Albert. Uganda ilitangaza kupata petroli mwaka 2006. Mwaka 2007 risasi zikalia juu ya ziwa, watu wakafa. Mwezi wa tisa mwaka ule marais wawili walikutana Ngurdoto, Tanzania, wakapatana. Kama wakubwa waliweza kuketi chini, sisi wa vijijini tutashindwaje?

Siku mtakapoitwa katika mkutano juu ya petroli ao gesi, ulizeni maswali matano. Ni bloki gani? Kazi iko katika hatua gani? Karatasi iko wapi, na nani alitia sahihi? Fidia italipwa lini na kwa nani? Waliohama waliitwa? Kama swali la mwisho halina jibu, ombeni mkutano uahirishwe, hata kama wewe mwenyewe uko na shamba lako na hujahama. Leo unamtetea jirani asiyekuwepo. Kesho yeye atakutetea.