Mkataba wa Kazi Katika Mtandao: Mapatano ya Watu Wasioonana

Mwananchi anayetaka kutengenezewa kabati huenda kwa seremala. Huonyeshwa mbao, huzigusa, huangalia kabati jingine lililo tayari, kisha huelewana bei na fundi mbele ya majirani na kutoa arbuni. Kazi ikiisha, kabati hubaki karakanani mpaka fedha zilizosalia zilipwe. Huenda lisiandikwe hata neno moja, lakini mapatano hayo si dhaifu. Yana mihimili mitatu: kitu chenyewe huonekana, mashahidi wapo, na fundi huishikilia kazi yake mpaka apewe haki yake.

Katika miaka ya karibuni imezuka aina nyingine ya ufundi. Kijana aliyeko Morogoro aweza kumtengenezea tovuti mfanyabiashara wa Mwanza, au kumfasiria kitabu mchapishaji wa Nairobi, wala wasikutane uso kwa uso hata siku moja. Kijana huyo hana mwajiri wa kudumu. Ni fundi anayejitegemea, alipwaye kwa kila kazi anayoimaliza. Msomaji atatambua mara moja kwamba ile mihimili mitatu ya seremala imeanguka yote. Kazi haionekani kabla haijafanywa, majirani hawakusikia mapatano, na faili likishatumwa, mteja anayo nakala kamili ilhali fundi hana tena cha kushikilia.

Shabaha ya makala haya ni kueleza jinsi mkataba ulioandikwa vyema unavyoweza kuisimamisha tena mihimili hiyo, mmoja baada ya mwingine. Yafaa jambo hili lijulikane shuleni, kwa sababu kijana asiyelijua huweza kufanya kazi ya miezi miwili na kuambulia patupu.

Mkataba ni nini?

Watu wengi hudhani kwamba mkataba ni karatasi yenye mhuri. Sivyo. Karatasi ni ushahidi tu. Mkataba wenyewe ni mapatano ambayo sheria inakubali kuyasimamia. Nchini Tanzania jambo hili linaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata sana sheria ya India ya mwaka 1872. Kifungu cha 10 cha sheria hiyo chataka mambo manne: wahusika wawe wamekubali kwa hiari yao, wawe na uwezo wa kisheria wa kufunga mkataba, pawepo malipo au faida halali inayobadilishwa, na lengo la mapatano liwe halali.

Jambo la pili lawahusu wanafunzi moja kwa moja. Umri wa utu uzima kisheria ni miaka 18. Mapatano ya mtu ambaye hajatimiza umri huo hayawezi kumfunga kama mkataba. Kwa hiyo mwanafunzi wa miaka 16 mwenye ujuzi wa kompyuta afanye kazi ya namna hii kupitia kwa mzazi au mlezi wake, ambaye ndiye atakayekuwa mwenye mkataba.

Je, mapatano yaliyofanywa kwa barua pepe yana nguvu? Naam. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yaeleza kwamba ujumbe hauwezi kunyimwa nguvu ya kisheria kwa sababu tu umo katika umbo la kielektroniki, na kwamba mkataba waweza kufungwa kwa njia hiyo. Hata hivyo, kuwa na nguvu ni jambo moja, na kueleweka ni jambo jingine. Mapatano yaliyotawanyika katika jumbe mia mbili za simu ni vigumu kuyathibitisha. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mhimili wa kwanza: kazi ipimike

Tuchukulie kwamba yule kijana wa Morogoro amekubaliana na mfanyabiashara wa Mwanza kumtengenezea “tovuti nzuri” kwa Sh. 1,200,000. Hapo pana kosa. Neno “nzuri” halipimiki. Mwanafunzi wa sayansi hufundishwa kwamba kipimo hakina budi kutoa jibu lile lile hata kikitumiwa na watu wawili tofauti. Kanuni hiyo yafaa katika mkataba pia. Badala ya “tovuti nzuri”, iandikwe: tovuti yenye kurasa 6, majina ya kurasa hizo yakiorodheshwa, yenye kusomeka katika simu na katika kompyuta, picha zisizozidi 20, zitakazoletwa na mteja, maandishi kwa Kiswahili, yatakayoletwa na mteja.

Kisha yaandikwe mambo matatu ambayo husahauliwa mara kwa mara. Kwanza, idadi ya masahihisho. Mteja akiruhusiwa kudai mabadiliko bila kikomo, kazi haitakwisha kamwe. Yatosha kuandika kwamba kila hatua itasahihishwa mara 2, na kazi yoyote ya nyongeza italipiwa kwa bei itakayoandikwa kabla haijaanza. Pili, wajibu wa mteja. Mteja akichelewa siku 10 kuleta picha, siku hizo 10 ziongezwe katika muda wa fundi. Tatu, ukimya. Iandikwe kwamba mteja ana siku 5 za kazi za kukagua kila hatua, na kwamba asipojibu katika muda huo, hatua hiyo itahesabiwa kuwa imekubaliwa. Pasipo sharti hilo, mteja aweza kukwepa kulipa kwa kunyamaza tu.

Mhimili wa pili: fedha zigawanye hatari

Sasa tutazame malipo kwa macho ya hesabu. Iwapo fedha zote zitalipwa mwisho, siku ya kukabidhi kazi fundi atakuwa ametoa kazi ya Sh. 1,200,000 bila kupokea kitu; hatari yote iko juu yake. Iwapo zote zitalipwa mwanzo, hatari ile ile inahamia kwa mteja. Hakuna ubaya wa tabia uliosababisha hali hiyo. Imesababishwa na mpangilio wa malipo.

Tuigawe kazi katika hatua 4: mchoro wa tovuti, kurasa 3 za kwanza, kurasa 3 zilizobaki, majaribio na makabidhiano. Kila hatua ina thamani ya Sh. 300,000, na hatua mpya haianzi mpaka ile iliyotangulia ilipwe. Sasa kiasi kikubwa kabisa ambacho fundi aweza kupoteza ni Sh. 300,000, yaani robo ya kazi. Twaweza kwenda mbele zaidi. Kila hatua ianze kwa arbuni ya nusu, Sh. 150,000, na nusu ya pili ilipwe hatua inapokubaliwa. Mwanzoni mwa hatua, mteja ametanguliza Sh. 150,000, mwishoni mwake, kabla hajamaliza kulipa, ni fundi anayedai Sh. 150,000. Hatari ya kila upande haizidi sehemu moja katika nane ya bei yote.

Msomaji aone kwamba hapa hatukuongeza uaminifu wa mtu yeyote. Tumepunguza tu faida ya kuvunja ahadi. Anayefikiri kutoroka na Sh. 150,000 hupoteza kazi aliyokwisha kuigharimia, na hivyo kutimiza ahadi huwa na manufaa zaidi kwake.

Iko pia njia ya amana. Fedha za hatua huwekwa mikononi mwa mtu wa tatu anayeaminiwa na pande zote mbili, naye huzitoa kazi inapokubaliwa. Masoko makubwa ya kazi katika mtandao hutumia njia hii na kutoza ada. Anayeitumia hana budi kusoma ni nani atakayeamua iwapo pande mbili zitabishana.

Jambo la mwisho la mhimili huu ni haki juu ya kazi yenyewe. Seremala hulishikilia kabati; fundi wa mtandao hawezi kulishikilia faili. Lakini sheria ya hakimiliki hutofautisha kati ya kuwa na nakala na kuwa na haki ya kuitumia. Kwa hiyo mkataba useme wazi: haki za kazi zitahamia kwa mteja siku atakapomaliza kulipa, si kabla ya hapo. Kwa sharti hilo, mteja anayetumia kazi ambayo hakuilipia hawi mdaiwa tu, bali pia anatumia mali isiyo yake.

Mhimili wa tatu: ushahidi usiobadilika

Katika mapatano ya seremala majirani walikuwa mashahidi. Katika mtandao shahidi ni hati. Lakini hati ya kompyuta ina udhaifu mmoja: mtu aweza kufuta 1,200,000 na kuandika 200,000 pasipo kuacha alama ya kufuta. Sayansi ya hisabati imepata dawa ya tatizo hili.

Tuanze kwa jaribio dogo. Ipe kila herufi nambari kufuata alfabeti ya herufi 26, A ikiwa 1 na Z ikiwa 26, kisha jumlisha herufi za neno. Neno TATU litatoa 20 + 1 + 20 + 21 = 62. Jumla hiyo ni kama chapa ya neno. Herufi ikibadilika, chapa hubadilika. Lakini jaribu neno TUTA: jumla yake pia ni 62. Chapa yetu imedanganyika, kwa kuwa haikujali mpangilio wa herufi.

Wanahisabati wametunga kanuni zilizo imara zaidi. Mojawapo, iitwayo SHA-256, huichukua hati ya urefu wowote na kutoa chapa ya biti 256, ambayo huandikwa kwa tarakimu na herufi 64. Ikibadilishwa nukta moja tu ya hati, chapa hubadilika yote. Idadi ya chapa zinazowezekana ni nambari yenye tarakimu 78, na hakuna mtu ambaye amewahi kuonyesha hati mbili tofauti zenye chapa moja kwa kanuni hii.

Chapa peke yake haisemi nani aliyekubali. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Marekani walitangaza wazo la funguo mbili: mmoja wa siri na mwingine wa wazi. Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni njia ya kulitekeleza, ambayo huitwa RSA kwa herufi za majina yao. Mtu huifunga chapa ya hati kwa ufunguo wake wa siri, na yeyote mwenye ufunguo wake wa wazi aweza kuhakikisha kwamba ni yeye aliyeifunga na kwamba hati haijabadilishwa. Hiyo ndiyo sahihi ya kidijiti.

Asiye na programu za sahihi hizo asikate tamaa. Aweke mkataba wote katika faili moja, autume kwa barua pepe, na kila upande ujibu kwa kuandika jina lake na maneno “nimesoma na nimekubali masharti yote”. Barua hizo zihifadhiwe na pande zote mbili, na kila badiliko lifuate njia hiyo hiyo.

Mkataba ukivunjwa

Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinampa aliyeumia haki ya kulipwa fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo kwa njia ya kawaida, au ile ambayo wahusika waliitambua walipokuwa wakipatana. Hasara ya mbali haifidiwi. Kifungu cha 74 kinahusu adhabu iliyotajwa katika mkataba: mahakama hutoa fidia ya kiasi, isiyozidi kile kilichotajwa. Kwa hiyo kuandika faini ya Sh. 5,000,000 kwa kuchelewa siku moja ni kujidanganya. Kwa kawaida madai ya mkataba hufunguliwa katika muda wa miaka 6.

Mteja akiwa nchi nyingine, mkataba utaje sheria ya nchi gani itafuatwa, mgogoro utaamuliwa wapi, na fedha zitalipwa kwa sarafu gani. Miji mingine imetunga sheria za kuwalinda mafundi wa namna hii. Sheria ya Jiji la New York iliyoanza kutumika mwaka 2017 yataka mkataba ulioandikwa kwa kazi ya dola 800 au zaidi, na malipo katika siku 30 baada ya kazi kukamilika iwapo tarehe nyingine haikutajwa. Lakini tusijidanganye: kumfuata mdaiwa ng’ambo kwa ajili ya Sh. 300,000 hugharimu zaidi ya deni lenyewe. Ndiyo maana ule mgawanyo wa hatua ni kinga kubwa kuliko kifungu chochote cha mahakama. Mkataba mzuri ni ule ambao haukulazimika kufikishwa huko.

Zoezi la darasani

Mwalimu aweza kuwagawa wanafunzi wawili wawili. Mmoja aandike mkataba wa ukurasa mmoja wa kuchora nembo ya duka, akieleza kazi, muda, masahihisho, malipo na haki. Mwenzake asome kama mtu asiyetaka kulipa, na atafute kila mwanya wa kukwepa bila kuvunja neno lililoandikwa. Kila mwanya utakaoonekana uzibwe kwa sentensi moja. Baadaye wabadilishane nafasi, na mara hii msomaji asome kama fundi asiyetaka kumaliza kazi.

Katika zoezi hilo wanafunzi wataona kwamba kuandikiana si kutoaminiana. Wale waliokwisha kujibu maswali magumu kabla ya kazi hawana sababu ya kugombana baada yake.